Unga waya ukimfikiria fundi atakayekufuata

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Makutano, mjini Meru, uulize waya wa kufungia stima nyumbani. Muuzaji atataka kujua unene tu: moja nukta tano au mbili nukta tano? Rangi haitajwi. Kwenye rafu nyuma yake, roli za waya mwekundu na mweusi zimepangwa bega kwa bega na za kahawia na buluu, na mteja huondoka na zile zilizo na bei nafuu siku hiyo. Ndiyo maana katika kaunti za Meru na Embu utakuta nyumba ambayo sebule ina nyekundu na nyeusi, jiko lililoongezwa baadaye lina kahawia na buluu, na mahali fulani juu ya dari pana kiungo ambapo mtu alilazimika kuamua rangi ipi iende na ipi. Aliyeamua alishaondoka, na hakuandika popote.

Rangi zenyewe tulizirithi kutoka Uingereza, pamoja na plagi ya miguu mitatu na volti 240. Kwa miaka mingi utaratibu wa huko ulikuwa nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, na kijani kwa athi. Nyaya laini za vyombo kama pasi na redio zilihamia kahawia na buluu miaka ya 1970, ili zilingane na za bara Ulaya. Nyaya za ukutani zilichelewa hadi 2004, na kuanzia Aprili 2006 fundi wa Uingereza hakuruhusiwa tena kutumia rangi za zamani katika kazi mpya. Sisi tukaanza kupokea bidhaa za pande zote mbili, na nyumba zetu nyingi zina mchanganyiko huo hadi leo.

Kwa nyumba ya kawaida badiliko hilo lingevumilika, kwa sababu ukiona kahawia unajua imechukua nafasi ya nyekundu. Hatari kubwa iko kwenye umeme wa fezi tatu, ule unaoendesha vinu vya kusaga mahindi, viwanda vidogo vya kahawa na mashine za kuchomelea vyuma. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Katika utaratibu mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Yaani buluu iliyokuwa na moto sasa haina, na nyeusi isiyokuwa na moto sasa inao. Kijana aliyefundishwa rangi mpya akiingia kwenye kinu kilichofungwa miaka ya 1990, akaona buluu akaifanya nyutro ya balbu yake, ataiweka balbu hiyo kati ya fezi mbili. Badala ya volti 240 itapata 415. Balbu itapasuka, na hiyo ndiyo hasara ndogo kabisa inayoweza kutokea pale.

Msimamo wangu ni kwamba rangi ya waya ni dokezo tu la aliyeufunga, na dokezo hilo linaweza kuwa la kweli au la uongo. Mambo mawili ndiyo yanayomlinda fundi na watu wa nyumba ile: kipimo anachokichukua yeye mwenyewe, na alama aliyoachiwa na mwenzake aliyemtangulia. La kwanza tunalifanya nusu nusu. La pili hatulifanyi kabisa, na halidaiwi na yeyote.

Nilipata kulishuhudia jambo hili kwa karibu huko Nkubu, katika nyumba ya mawe ya mwalimu mstaafu. Alikuwa amenunua taa nzuri ya sebuleni akitarajia wageni wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yake. Mtu wa kwanza aliyemwita aliteremsha ile taa kuukuu kutoka darini, akakuta nyaya tatu nyekundu na tatu nyeusi. Akafanya lililoonekana la busara: nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja, kisha taa mpya katikati yake. Taa ikawaka bila hata swichi kubonyezwa. Walipobonyeza swichi, mlio ukatokea kwenye kisanduku cha stima na nyumba nzima ikazimika. Akabadilisha swichi, akabadilisha balbu, mwisho akasema nyumba ni ya zamani na waya zimeoza, zing'olewe zote.

Fundi wa pili alikuwa kijana mkimya. Kabla ya kupanda ngazi alisema, "Mwalimu, naomba tuzime swichi kuu, na ufunguo wa kisanduku nikae nao mimi." Akafungua kile kiungo, akatawanya nyaya zote sita zisigusane, akazifuta vumbi kwa kitambaa. Kisha akachukua mita yake ya kupimia, akaiweka kwenye sauti, akaanza kugusa jozi moja baada ya nyingine huku mwalimu akibonyeza swichi ya ukutani kila alipoambiwa. "Washa. Zima. Washa tena, mwalimu." Jozi mbili hazikusema kitu. Jozi ya tatu ilipiga mlio swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa. Kijana akatoa kipande cha tepu nyekundu mfukoni, akakizungusha kwenye ule waya mweusi wa jozi hiyo, ndipo akaanza kuunganisha.

Kilichokuwa pale ni namna ya kufunga taa tuliyoirithi kwa Waingereza. Waya wa umeme unaingia kwenye kiungo cha darini, mwingine unatoka kwenda taa ya chumba kinachofuata, na wa tatu unashuka kwenye swichi. Huo wa kwenda kwenye swichi una nyekundu na nyeusi kama wenzake, lakini ndani yake hamna nyutro. Nyekundu inapeleka moto kwenye swichi, na nyeusi inaurudisha kwenye taa swichi ikiwashwa. Nyeusi hiyo ni laivu. Ukiifunga pamoja na nyeusi za nyutro, siku unapowasha swichi umeunganisha laivu na nyutro moja kwa moja, na hiyo ndiyo shoti iliyomzimia mwalimu nyumba. Kanuni ya kazi ilimtaka fundi aliyejenga kiungo kile auvike waya huo mweusi alama nyekundu. Tepu ya sentimita mbili. Angefanya hivyo, mwalimu asingeambiwa ang'oe waya za nyumba nzima wakati anaandaa ruracio.

Kosa jingine la kimyakimya ni swichi kukata nyutro badala ya laivu. Taa inawaka vizuri na inazimika vizuri, kwa hiyo mwenye nyumba hana la kulalamikia. Lakini taa ikizimwa, holda darini bado ina volti 240, na anayepanda kiti kubadilisha balbu akidhani amezima anaingiza vidole penye moto. Balbu hizi mpya za LED zimetusaidia kuligundua kosa hilo: ukiona balbu inabaki na mwanga hafifu usiku wakati swichi imezimwa, inaweza kuwa ni ishara kwamba swichi imekaa upande usiofaa. Zipo sababu nyingine za mwanga huo, lakini hii ni ya kuchunguzwa kwanza.

Testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani, haitoshi kwa uchunguzi huo. Inawaka ikigusa laivu, ndiyo, lakini inaweza pia kuonyesha mwanga hafifu kwenye waya uliolala tu kando ya waya wenye moto. Na nyutro ikikatika kabla ya kufika nyumbani, testa itawaka kwenye laivu na kwenye nyutro pia, kwa sababu moto unapita ndani ya balbu na vyombo na kurudi kwenye waya ambao hauna pa kwenda. Nimewasikia watu wakisema "nyutro imekuwa na moto" kwa mshangao, kana kwamba ni mazingaombwe. Ni waya uliokatika. Katika jengo lenye fezi tatu, kama vile ploti ya vyumba vya kupangisha, nyutro kuu ikikatika baadhi ya wapangaji watapata volti kidogo na wengine watapata nyingi mno, na ndipo televisheni na friji huungua pamoja katika vyumba kadhaa huku vingine vikiwa na taa zilizofifia.

Utaratibu wa fundi makini ni mfupi. Hugusisha kipimo chake mahali anapojua pana moto, aone kama kinafanya kazi. Hupima waya anaotaka kuushika. Kisha hurudi kupima tena pale penye moto, ahakikishe kipimo hakikufa katikati. Ni kazi ya muda mfupi mno. Wateja tunaosimama chini ya ngazi tukiuliza "bado tu?" tunamnyang'anya fundi muda huo.

Twende bafuni, maana Meru ni nchi ya baridi. Kuanzia Timau hadi Kianjai watu wamefunga zile shawa za umeme zinazochemsha maji papo hapo, na nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa kabla ya wazo hilo. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hauwezi kubeba mzigo huo, na ule wa soketi wa 2.5 uko ukingoni, hasa ukipita ndani ya bomba la plastiki chini ya bati linalochomwa na jua. Mafundi wanaojua kazi huvuta waya wa 6 peke yake kutoka kwenye kisanduku. Wengine huiba umeme wa soketi ya chumba jirani, wakaunga kwa kusokota, wakafunga tepu nyeusi.

Chukua kiungo hicho cha kusokota, uchukulie kimelegea kidogo tu, kikawa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa ampea 23 kitatoa joto la wati 53. Hilo ni karibu joto la balbu ya zamani ya wati 60, limekusanyika kwenye nafasi isiyozidi punje ya njugu, limefungiwa ndani ya tepu, juu ya mbao za dari. Breka haioni chochote, maana kwake mzigo ni ule ule wa kila siku. Tepu inalainika, inateleza, plastiki inageuka kahawia, na harufu ya kuungua inasikika kila mtu anapooga. Watu wa nyumba huizoea harufu hiyo. Naomba wasiizoee.

Jambo la pili bafuni ni athi. Katika nyingi ya shawa hizi koili ya kuchemshia imelala ndani ya maji yenyewe, na kinachomlinda anayeoga ni waya wa kijani na manjano unaokamata umeme unaovuja na kuupeleka ardhini. Nimeona shawa ambazo waya huo umekatwa na kukunjwa pembeni, kwa sababu ukutani zimetokea nyaya mbili tu. Wengine hujipa moyo kwamba breka ipo. Umeme wa miliampea 30 kupitia kifuani unatosha kuuhatarisha moyo wa mtu, na breka ya ampea 32 imetengenezwa kusubiri zaidi ya mara elfu moja ya kiasi hicho. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Anayeoga analindwa na swichi ya aina nyingine, ile inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata upesi tofauti inapofika miliampea 30. Ina kitufe kidogo cha kujaribia mbele yake. Kama kisanduku chako hakina kitufe hicho, ujue huna ulinzi huo.

Athi yenyewe inategemea udongo. Upande wa juu, Imenti na Manyatta, udongo mwekundu hukaa na unyevu na fimbo ya athi iliyozamishwa vizuri hushika. Ukiteremka Mbeere na Tharaka hali ni tofauti, ardhi hukauka miezi mingi na fimbo fupi iliyopigwa kwenye changarawe inabaki pambo. Inabidi izame zaidi, au ziwe kadhaa, na ipimwe kiangazi, wakati udongo uko katika hali yake mbaya zaidi. Na Mbeere ndiko kwenye mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Gitaru peke yake ni megawati 225. Watu wanaoishi kando ya mto uliowasha taa za Nairobi kwa zaidi ya nusu karne wanastahili athi inayofanya kazi.

Kabla sijatoka nyumbani, niseme habari ya waya bandia. Zipo nyaya sokoni zinazong'aa kama shaba ilhali ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ikwangue ncha kwa kisu, ikitokea nyeupe umeuziwa alumini. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa unene ule ule, huvunjika ikikunjwa mara chache, na ikisokotwa pamoja na shaba kiungo huota kutu na kulegea. Hata waya halali unaotoka kwenye nguzo kwa kawaida ni wa alumini, ndiyo sababu unapokutana na shaba ya nyumbani unahitaji kibano maalumu cha metali mbili. Kusokota hapo ni kuahirisha moto.

Kwenye magari mkanganyiko wa rangi ni mkubwa zaidi. Fundi wa jua kali mjini Embu anaweza asubuhi kushika Probox, mchana Volkswagen, jioni Land Rover kuukuu ya shamba. Kwenye Toyota waya wa bodi, yaani wa hasi, kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Nissan ni mweusi. Kwenye Volkswagen na Mercedes ni kahawia. Kwenye Land Rover za zamani kahawia ni moto wa betri wa moja kwa moja, mara nyingi bila fyuzi yoyote njiani, na mweusi ndio wa bodi. Kwa hiyo fundi aliyezoea Volkswagen akikamata kahawia wa Land Rover na kuufunga kwenye bodi, ameifunga betri shoti. Tena Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na chanya kwenye bodi, kinyume cha magari yote tunayoyajua leo, na kufunga redio ya kisasa humo bila kulijua hilo ni kuiua papo hapo.

Watu hulidharau gari kwa sababu volti 12 hazimrushi mtu. Ni kweli hazimrushi. Lakini betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kama kaa kabla hujapata spana ya kuutenganisha. Ndiyo maana anayejua kazi huanza kwa kufungua kichwa cha hasi. Akianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche juu ya betri inayotoa hewa inayowaka. Hasi ikishatoka, spana iguse bodi popote, hakuna mzunguko.

Waangalie vijana wa pikapu za miraa zinazotoka Maua na Muringene. Kazi yao ni mbio na saa, na usiku wanataka taa. Huongeza balbu za wati 100 mahali palipotengenezewa 55, au safu ya taa juu ya kabini. Balbu mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17, na kama zimeungwa kwenye waya ule ule wa zamani unaopita kwenye swichi ya usukani, swichi hiyo inayeyuka polepole. Siku fyuzi inapokatika barabarani, mahali pake huwekwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya, na safari inaendelea. Kuanzia hapo kinachoweza kukatika ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, gari likiwa kwenye kona za kuteremkia Chuka na mizigo nyuma. Kinachotakiwa si cha gharama kubwa: rilei, waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi ya kiasi kinachofaa karibu kabisa na betri, ili waya wote mbele yake uwe umelindwa. Waya mwembamba wa swichi ya zamani unabaki na kazi moja tu, ya kuiamsha rilei.

Kwenye malori ya volti 24 kuna tabia ya kuchomoa volti 12 za redio kutoka betri moja kati ya mbili. Redio inaimba, lakini betri ile moja inanyonywa huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Mwenye lori hulaumu betri. Kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12 kinauzwa madukani.

Bodaboda nazo zina kamsa, redio, taa za rangi na chaja ya simu, vyote vimeungwa kwenye waya mmoja chini ya kiti. Hapo sitakaa. Kila mwenye boda anaujua ule mkia wa tepu.

Sheria inasemaje? Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kufunga stima inahitaji fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na madaraja huanzia C-2, la umeme wa fezi moja, hadi A-1. Kampuni ya Kenya Power haikuunganishii umeme bila cheti cha fundi huyo. Yote baada ya mita ni mali yako na jukumu lako. Kwenye karatasi mambo yako sawa. Mashinani, mwenye leseni mara nyingi ni mmoja kwa tarafa nzima, na wapo wanaotia sahihi vyeti vya nyumba ambazo hawakupanda dari zake. Anayefunga waya hasa ni kijana aliyejifunza kwa kushika tochi ya fundi mwingine. Na mradi wa umeme mashinani ulioanza 2015, uliopunguza gharama ya kuunganishiwa hadi shilingi 15,000, ulileta maelfu ya nyumba za kufungwa nyaya, nyingi kuliko idadi ya mafundi tuliowasomesha.

Sitaki kijana huyo afukuzwe. Yule wa Nkubu sijui kama ana leseni, na sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba alipima, akatia alama. Nataka asaidiwe apate karatasi kwa ujuzi alio nao tayari. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ipo, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na mtu hahitaji kuwa alipita sekondari ndipo aijue kazi ya mikono yake. Meru ina taasisi ya kitaifa ya ufundi, ina vyuo vya ufundi vya Nkabune na Kiirua. Zikifungua milango Jumamosi kwa watu wa jua kali, mafunzo ya siku chache juu ya kupima, athi na alama yangeokoa watu wengi kuliko misako.

Serikali za kaunti nazo zisijifanye stima ni habari ya Nairobi. Katiba ya 2010 ilizipa vyuo vya ufundi vya vijijini, na kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za majengo. Ramani hizo huonyesha choo kitakaa wapi na maji ya mvua yataelekea wapi. Ziwe pia na ukurasa wa stima, na jengo la kupangisha lisipewe kibali cha kukaliwa na watu mpaka nakala ya ukurasa huo ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha stima.

Najua jibu la wenye nyumba, nimelisikia Runyenjes na nimelisikia Meru mjini: hiyo ni gharama nyingine. Roli ya tepu nyekundu na kalamu isiyofutika hazifikii bei ya balbu mbili nzuri. Muda wa fundi ndio ghali, na tunautaka bure. Tunapatana naye bei ya kuwasha taa, si ya kumwachia mwenzake maelezo, kisha tunashangaa kila fundi anapoanza upya kwa kubomoa ya mwenzake na kutuambia yule wa kwanza hakujua kazi. Mapatano yabadilike. Mwambie fundi kabla hajapanda ngazi kwamba nusu ya mwisho ya malipo atapewa akishaandika.

Na aandike nini? Kila breka inalisha chumba gani na kwa waya wa unene gani. Nyumba imetumia rangi za zamani au mpya, na kama ni zote mbili, zinakutana wapi. Nyeusi ipi ni laivu ya swichi. Fimbo ya athi imezamishwa upande gani wa nyumba. Tarehe, jina lake na simu yake. Kwenye gari, kipande cha karatasi ndani ya kifuniko cha fyuzi: waya gani umeongezwa, umetoka wapi, una fyuzi ya ampea ngapi.